Injini ya Rotari Imehukumiwa Bila Kupimwa

Fundi akishaambiwa kwamba gari lililosimama mbele yake lina injini ya rotari, mara nyingi hafungui hata boneti. Hukumu ilikwisha kutolewa zamani, na imeenea kuanzia gereji za Ilala hadi vijiwe vya mafundi wa Kyela mjini: injini ile inakufa mapema, inakula oili, na ikishakufa hakuna wa kuifufua katika nchi hii. Mwenye Mazda RX-7 au RX-8 hushauriwa aing'oe, apachike injini ya Toyota yenye pistoni, kisha aendelee na mambo yake. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema na watu wenye uzoefu wa miaka mingi, kwa hiyo unastahili kujibiwa kwa hoja. Mimi naupinga. Injini ya rotari haikushindwa na joto letu, wala vumbi letu, wala mikono ya mafundi wetu. Inauawa na mazoea ya matunzo yaliyozaliwa kwenye injini za pistoni, kisha inazikwa na watu ambao hawajaipima. Na kama kuna mahali ambapo hukumu hii ingepaswa kutiliwa shaka kabla ya kwingine, ni Kyela, kwa sababu mambo mawili ambayo injini hii inayadai yapo pale tayari: watu waliozoea mashine inayochoma oili yake, na mwinuko wa nchi unaoipa injini hewa nzito ya kupumua.

Wapo watakaouliza Kyela inahusiana nini na magari ya michezo ya Kijapani. Inahusiana sana. Malawi haina bandari ya bahari, na magari mengi ya mitumba ambayo wenzetu wa upande wa pili wa mto Songwe huyanunua Japani hushushwa Dar es Salaam, hubandikwa namba za IT za magari yanayopita tu nchini, kisha huendeshwa zaidi ya kilometa 900 kupitia Morogoro, Iringa, Makambako na Uyole hadi kuvuka mpaka Kasumulu, wilayani Kyela. Mengi ni magari ya kawaida, Demio na wenzake, lakini chochote kinachouzwa kwenye minada ya Japani kinaweza kushuka bandarini na kupita njia hiyo hiyo. RX-7 ilitengenezwa kuanzia 1978 hadi 2002, magari zaidi ya 800,000. RX-8 ikafuata kuanzia 2003 hadi 2012, zaidi ya 190,000. RX-8 nyingi zilizobaki kwenye soko la mitumba huuzwa kwa bei inayovutia kijana mwenye hela ya kiasi, na bei imeshuka kwa sababu ile ile ninayoijadili hapa: sifa mbaya ya injini. Kwa hiyo suala hili lina fedha ndani yake. Anayejua kutofautisha injini iliyokufa na injini iliyosingiziwa kifo ana mali mkononi. Asiyejua hununua maiti, au hutupa kilicho hai.

Tuanze na shutuma kwamba injini hii ni fumbo lisilotengenezeka. Ndani ya injini ya 13B, ambayo ndiyo iliyobeba RX-7 za kizazi cha pili na cha tatu na RX-8 zote, vitu vikubwa vinavyozunguka ni vitatu: rota mbili zenye pembe tatu na shafti moja inayopita katikati yao. Hakuna valvu, hakuna kamshafti, hakuna mkanda wala cheni ya taimingi, hakuna silinda hedi, na kwa hiyo hakuna gasketi ya hedi ya kuungua. Kila rota inazunguka ndani ya chumba chenye umbo la duara refu lililobanwa kidogo kiunoni. Nyuso zake tatu zinavuta hewa na petroli, zinakandamiza, zinapokea mlipuko na kutoa moshi, kila uso kwa zamu yake. Shafti huzunguka mara 3 kwa kila mzunguko 1 wa rota. Injini nzima imeshikwa na boliti ndefu 18. Zikifunguliwa kwa mpangilio wake, bamba na vyumba vinatoka kimoja kimoja kama sinia zilizopangwa, na fundi anabaki na kazi ya kupima: sili za ncha kwenye pembe za rota, sili za kona, sili za pembeni, springi ndogo zinazozisukuma, na ukuta wa chumba wenye kromu. Sili ya ncha ya RX-7 ya kizazi cha pili ina unene wa milimita 2. Mtu anayeweza kuvusha vitu hivyo vidogo kutoka rota hadi chumba bila kupoteza springi moja, na kuvirudisha kila kimoja katika nafasi alimokikuta, ana uvumilivu uliozidi kidogo ule unaohitajika kufunga hedi ya injini ya dizeli. Kyela ina watu wanaofungua mashine za kukobolea mpunga na pawatila za mashambani msimu baada ya msimu. Kuwaambia watu hao kwamba vitu vitatu vinavyozunguka ni vigumu kuliko valvu 16 ni kuwadharau.

Shutuma ya pili, kwamba inakula oili, ndiyo nzito zaidi, na ndiyo inayofichua vizuri jinsi mazoea yanavyotudanganya. Kwenye injini ya pistoni, oili ikipungua bila kuvuja, fundi ana haki ya kushtuka, maana ringi zimechoka au sili za valvu zimekwisha. Injini ya rotari imeundwa ichome oili. Ina pampu ndogo ya kupimia inayochukua oili kutoka kwenye bakuli la chini na kuidondosha ndani ya vyumba, kwa sababu sili za ncha zinasuguana na ukuta wakati wote na hazina oili nyingine ya kuzilainisha. Lita 1 kwa kila kilometa 1,500 hadi 2,500 ni hali ya kawaida ya injini yenye afya. Safari moja ya IT kutoka bandarini hadi Kasumulu inatosha kupunguza karibu nusu lita. Sasa chukua mwenye gari aliyezoea Corolla, anayemwaga oili kila baada ya kilometa 5,000 na katikati hapo hagusi kijiti cha kupimia. Akirudi kwa fundi, lita 2 au 3 zimekwenda. Oili hiyo hiyo ndiyo inayorushwa ndani ya rota ili kuzipoza, kwa hiyo iliyobaki inafanya kazi ya iliyopungua, inachemka na kuoza. Injini inakufa, na mwenye gari anasema kwa dhati kabisa kwamba hakuwahi kuchelewesha kumwaga oili. Anasema kweli, ila hakuwahi kuongeza.

Hapa mpinzani mwenye taarifa atanikatiza. Ataniambia kwamba hata Mazda wenyewe walisalimu amri: nchini Marekani waliongeza dhamana ya injini ya RX-8 za 2004 hadi 2008 ikawa miaka 8 au maili 100,000, na kampuni haiongezi dhamana ya kitu kizima. Ni kweli, na sina haja ya kuficha. Lakini tazama walichorekebisha baadaye. Injini ya RX-8 za mwanzo ilikuwa na matundu 2 ya kuingizia oili kwenye kila chumba. Ile iliyotoka 2009 ilipewa 3, na pampu ya kupimia ikawa ya umeme. Walioiunda, walipokaa chini kutafuta kiini cha ugonjwa, walirudi kwenye oili inayofika kwenye sili. Vivyo hivyo kwa NSU Ro 80 ya Ujerumani, gari lililozaliwa 1967 na kuitwa gari bora la mwaka Ulaya kwa 1968, kisha likaizamisha kampuni yake kwa gharama za kubadilisha injini ndani ya muda wa dhamana, hadi 1969 NSU ikaunganishwa na Audi. Lililouma ni sili za ncha. Sili bora zilikuja, lakini jina lilikuwa limekwisha kuharibika, na sehemu kubwa ya tunayoyasikia leo kuhusu rotari ni mwangwi wa miaka ile ya Ro 80. Huko Hiroshima, Kenichi Yamamoto na wahandisi wenzake wa Mazda waliokabidhiwa kazi ya rotari 1963 walikuta ukuta wa chumba ukikwaruzwa kama umepitishwa kucha, wakabadilisha sili kwa mchanganyiko wa kaboni na aluminiamu, na 1967 Cosmo Sport ikaingia sokoni. Tatizo la sili lina historia, na historia hiyo inaonyesha kwamba ni tatizo la malighafi na ulainishaji, mambo mawili ambayo binadamu anaweza kuyashika.

Na ulainishaji Kyela inaujua. Nenda Matema au Itungi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, alfajiri, tazama mvuvi anavyoandaa petroli ya injini ya boti yake. Anamimina oili ndani ya dumu la lita 20, anatikisa, anaangalia rangi, ndipo anajaza tangi. Kwa injini nyingi za boti za mizunguko miwili kipimo ni 1 kwa 50, yaani mililita 400 kwa dumu. Hakuna mvuvi anayelalamika kwamba injini yake inakula oili. Anajua kwamba siku atakayosahau kuchanganya ndiyo siku atakayorudi kwa kasia. Duniani kote wamiliki wengi wa rotari hufanya jambo lile lile kwa kiasi kidogo: huongeza oili safi ya kuchanganya ndani ya tangi, takriban 1 kwa 200, ili kuisaidia pampu ya kupimia. Hiyo ni mililita 100 kwa lita 20, robo ya anayoweka mvuvi. Sidai kwamba mchanganyiko huo unafufua sili iliyopasuka, maana haufufui. Ninachosema ni kwamba tabia inayodaiwa na injini hii, ya kuihesabu oili kama sehemu ya mafuta ya safari, si tabia ya Kijapani tunayopaswa kuletewa kwa semina. Iko ufukweni, kilometa chache kutoka gereji ambako fundi anatikisa kichwa.

Kuhusu joto, watu husema injini inayochemka kwa urahisi hivi haiwezi kuishi kwenye bonde lenye unyevu na jua kama la Kyela. Kwamba rotari haivumilii kuchemka, nakubali. Vyumba vyake ni vya aluminiamu, vimebanwa kati ya bamba za chuma, na vitu hivyo viwili havitanuki sawa. Kati yao kuna sili za mpira zinazozuia maji ya kupozea yasiingie kwenye moto. Ikichemka vibaya mara moja, sili hizo zinaweza kwenda. Lakini tujiulize ni nini kinachoichemsha. Joto la hewa la Kyela halifiki popote karibu na joto la maji ya injini, na rejeta safi yenye feni nzima inatosha. Kinachoichemsha ni maji ya bomba badala ya kulanti, yanayoozesha njia za maji taratibu, na ule uamuzi maarufu wa kung'oa themostati gari likionyesha dalili ya kuchemsha. Kwenye injini nyingi za pistoni, kung'oa themostati huleta madhara ya polepole ambayo mwenye gari hayaoni. Kwenye rotari za zamani za Mazda, 12A na 13B, madhara ni ya papo hapo: themostati ikifunguka ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji, na ikikosekana sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Fundi amefanya alichofanya kwenye magari mia, kwa uhodari, na ameiua injini kwa mkono wake. Kosa hapo ni la mazoea yaliyovuka mpaka wa mashine yake.

Mambo mengine mawili hutokea njiani kabla gari halijafika kwetu, na yanastahili kuelezwa kwa sababu huzalisha vifo vingi vya uongo. La kwanza ni kuloa. Injini ya rotari ikiwashwa ikiwa baridi, ikasogezwa hatua chache na kuzimwa kabla haijapata moto, petroli ya ziada hubaki chumbani na kuosha oili iliyokuwa kwenye sili. Sili kavu haizibi, kompresheni inashuka, gari linagoma kuwaka. Sasa fikiria maisha ya gari la mtumba: linawashwa kwenye yadi Japani ili lisogezwe, linawashwa kupanda meli, linawashwa kushuka, linawashwa kupisha lingine. Kila mara ni dakika moja. Ni vigumu kubuni utaratibu mbaya zaidi kwa injini hii. Tiba ni kukanyaga pedali ya mafuta hadi chini wakati wa kupiga selfu, ili kompyuta ikate petroli na hewa ikaushe vyumba, au kufungua plagi zote 4, kukausha na kudondosha oili kidogo ndani. Fundi asiyejua hupiga selfu hadi betri iishe, kisha anatangaza msiba. La pili ni koili za RX-8. Huchoka mapema, wengi hushauri zibadilishwe kila baada ya kilometa 50,000 hivi, na zikichoka petroli isiyoungua hukimbilia kwenye masega ya bomba la moshi na kuungulia huko. Masega yanayeyuka na kuziba, moto unarudi nyuma kwenye injini. Gari la namna hiyo likipandishwa mlima Kitonga mchana, dereva akiwa na haraka ya kuwahi mpaka, linafika Uyole likiwa gonjwa kweli. Koili na plagi ni bei ya siku moja ya gereji. Injini ni bei ya gari.

Sasa nafika kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini cha hoja yangu yote, nalo ni kipimo. Afya ya injini ya rotari inasomwa kwa kompresheni, na kwa RX-8 Mazda waliweka mipaka iliyo wazi: injini mpya hutoa karibu kilo 8.5 kwa sentimita ya mraba, kiwango cha chini kinachokubalika ni 6.9, ikipimwa ikiwa imepata moto na selfu ikizungusha shafti mara 250 kwa dakika. Tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi kilo 1.5, na kati ya rota na rota isizidi 1. Kila rota ina nyuso tatu, kwa hiyo jibu kamili ni namba sita. Geji ya kawaida ya pistoni, ikichomekwa kwenye tundu la plagi, hushika namba moja tu, ile kubwa kuliko zote, na kuificha mbovu nyuma yake. Ndiyo maana injini iliyopasuka sili moja huweza kupita kama nzima. Na kinyume chake hutokea mara nyingi vilevile: betri ikiwa dhaifu na selfu ikazunguka polepole, namba zote zinashuka, na injini nzima inaonekana imekufa.

Ongeza hapo mwinuko wa nchi. Kyela iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwenye bonde la Ziwa Nyasa; jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700. Hewa ya Kyela ina takriban asilimia 94 ya mgandamizo wa hewa ya pwani, na ya Mbeya takriban asilimia 81. Injini ambayo ingetoa kilo 8.0 Dar es Salaam itatoa karibu 7.5 Kyela, na karibu 6.5 Mbeya. Ni injini ile ile, sili zile zile, siku ile ile. Mtu akiipima Mbeya bila kusahihisha mwinuko na kuilinganisha na mstari wa 6.9, ataihukumu kifo. Akishuka nayo Tukuyu, Ibanda, hadi Kyela, na kuipima tena, imepona. Wanunuzi wengi na mafundi wengi wa Nyanda za Juu Kusini hufanyia maamuzi Mbeya kwa sababu ndiko gereji kubwa ziliko. Nauliza kwa uzito wote: ni injini ngapi za rotari katika ukanda huu zimeng'olewa kwa sababu ya hesabu ambayo hakuna aliyeifanya? Hakuna anayeweza kujibu, kwa sababu namba hazikuandikwa. Na palipo na hukumu bila kumbukumbu ya kipimo, anayeitoa hana haki ya kuiita uzoefu.

Pingamizi la haraka ni kwamba Kyela haina kifaa maalumu cha kupimia rotari. Haina haja ya kukisubiri. Geji ile ile ya pistoni, ikiondolewa kile kivalvu kinachoshikilia mgandamizo, huacha mshale ucheze huru. Piga selfu, na mshale utaruka mara tatu kwa kila mzunguko wa rota, mruko mmoja kwa kila uso. Miruko mitatu iliyolingana ni rota yenye afya. Mruko mmoja mfupi kati ya mirefu miwili ni sili iliyokwisha. Mirefu na mifupi isiyo na mpangilio ni kazi ya kurudia kupima. Mwenye simu anarekodi video ya mshale na kuitazama polepole. Haitoi namba sahihi kama kifaa cha Mazda, lakini inatenganisha mgonjwa na mzima, na hilo ndilo linalotafutwa kabla ya kufungua boliti 18.

Wapo wanaosema kwamba hata kipimo kikiwa sahihi, mashine yenyewe ni dhaifu kwa asili, haiwezi kazi ngumu. Rekodi zinawapinga. Mwaka 1968 Mazda walipeleka magari 2 ya Cosmo Sport kwenye mbio za saa 84 za Nürburgring, Ujerumani, na moja ikamaliza ya 4. Mwaka 1985 RX-7 ilimaliza ya 3 kwenye Acropolis Rally ya Ugiriki, mashindano yanayojulikana kwa joto, vumbi na mawe. Juni 1991 Mazda 787B yenye rota 4 ilishinda saa 24 za Le Mans kwa mizunguko 362, zaidi ya kilometa 4,900, ikawa gari la kwanza la Kijapani kushinda mashindano hayo. Najua jibu: zile zilikuwa timu za kiwanda zenye wahandisi kila kona. Sawa. Basi tazama Puerto Rico, kisiwa cha joto na unyevu mwaka mzima, ambako injini za 13B zimekuwa kazi ya gereji za mtaani kwa miongo mingi, mafundi wakirithishana ujuzi bila kiwanda nyuma yao. Kisiwa hicho hakina hewa ya afadhali kuliko ya Kyela. Kilichonacho ni watu waliokubali kwamba hii ni mashine nyingine, wakaijifunza kwa masharti yake.

Kuhusu spea sitasema mengi, kwa sababu hoja hii inazidi kudhoofika yenyewe. Hakuna duka la Kyela lenye sili za ncha kabatini, hilo ni kweli, kama lisivyo na spea za magari mengi mengine yanayotembea pale. Spea za Kyela huagizwa Mbeya au Kariakoo na kufika kwa basi, na seti ya sili za rotari ni mzigo unaokaa kwenye boksi dogo. Mazda haijaachana na injini hii: wanatoa tena baadhi ya spea za RX-7 za zamani, na 2023 walileta MX-30 yenye rota moja inayozalisha umeme wa betri. Kigumu kupata ni vyumba vyenye kromu nzima, na hapo anayejenga upya injini hana budi kuwa mkweli kwa mteja wake. Chumba kilichochunwa hakitengenezwi kwa msasa. Kinabadilishwa, au kazi inaachwa.

Petroli nayo nakubali bila kubishana: rotari inakunywa kuliko injini ya pistoni ya ukubwa wake wa cc 1,308, na anayetaka gari la kwenda shamba Ipinda na kurudi kila siku atafute jingine. Lakini hiyo ni gharama inayojulikana kabla ya kununua, na nchi hii inayaheshimu magari makubwa ya V8 yanayokunywa zaidi bila mtu kuyaita mabovu. Vilevile hoja ya umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Uganda tangu 2018 imefunga mlango kwa yaliyozidi miaka 15, na wapo wanaotaka sheria kama hizo ziwe mtazamo wetu kwa kila gari lililokwishaingia. Sheria ya kuingiza ina sababu zake. Lakini gari lililo hapa tayari linapaswa kuulizwa hali yake, si mwaka wake. RX-7 ya 1989 iliyotunzwa oili na kulanti haimdhuru mtu barabarani kuliko gari la miaka 9 lililong'olewa themostati na kuongezewa maji ya mtoni.

Kwa hiyo mnunuzi anayesimama Kasumulu au Uyole mbele ya RX-8 asianze kwa kuuliza kama injini za rotari hufa. Aulize namba sita: tatu za rota ya mbele, tatu za rota ya nyuma, zilipimwa wapi, injini ikiwa na moto kiasi gani, na selfu ilizunguka kwa kasi gani. Aulize koili zilibadilishwa lini. Afungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa imepoa na atazame kama ndani kuna kulanti au kutu. Atoe kijiti cha oili yeye mwenyewe. Muuzaji asiyekuwa na namba hizo auze gari kwa bei ya gari lisilo na injini, maana hana uthibitisho kwamba injini anayo. Mwenye namba hizo, na zikiwa ndani ya mipaka baada ya kusahihishwa mwinuko, anauza injini nzima, na fundi atakayemwambia mteja aing'oe sharti kwanza aeleze ni ipi kati ya namba zile sita anayoikataa.